Tonge la Kwanza la Bibi

Mwezi uliopita tulimuaga Mwalimu Ishengoma nyumbani kwake Buzuruga, kabla hajasafirishwa kwenda Bukoba kuzikwa kwenye kibanja cha baba yake. Walikuja watumishi watatu wa Mungu. Padri alikuja kwa sababu marehemu alisoma seminari ujanani, mchungaji wa Kilutheri kwa sababu mjane ni wa huko, na kijana mmoja mwenye kipaza sauti kwa sababu binti yao ameokoka. Kila mmoja aliomba kana kwamba wenzake hawajaomba. Kijana wa kipaza sauti alifika mbali zaidi: alikemea “roho zote za ukoo zinazoifuatilia nyumba hii,” na wazee wa Kihaya waliokuwa wamekaa mbele wakatazama chini, kila mmoja kwenye viatu vyake. Mimi nilikuwa chini ya turubai kwa nyuma, nikawa najizuia kucheka msibani, maana nilijua marehemu angecheka mpaka miwani imdondoke. Ndiye aliyenifundisha kulitazama jambo hili kwa utulivu. Lakini alinifundisha mwaka ambao mimi sikuwa na utulivu hata wa kumeza mate.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Nilikuwa na miaka ishirini kasoro, nimeacha shule darasa la sita, na nilikuwa na wadogo zangu wawili: Limi wa miaka kumi na minne na Joyce wa miaka sita. Yaliyotufikisha tukawa watatu peke yetu si ya sura hii. Tulipanga vyumba viwili Igogo, katika nyumba iliyobanwa na mawe makubwa kiasi kwamba ukuta mmoja wa chumba cha nyuma ulikuwa jiwe lenyewe. Wakati wa mvua jiwe lilitoa jasho, na wakati wa jua lilitunza joto kama chungu. Asubuhi nilishuka kuchukua mapanki, yale mafuvu na mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kupakiwa ndege, nikayakaanga kando ya barabara. Nilinuka samaki siku zote, hata Jumapili. Mjini kila kitu kilikuwa kipya mwaka ule: mitumba kwa marobota, mabango ya vyama vyenye majina tusiyoweza kuyataja vizuri, na mahubiri ya spika kubwa zilizosikika kutoka bondeni mpaka kwenye mawe yetu. Mwalimu, aliyepanga chumba cha tatu, alikuwa akisema, “Kabula, tazama maajabu. Serikali inatoka chama kimoja inakwenda vyama vingi, na mbinguni wanatoka wengi wanakwenda mmoja. Watapishana njiani.”

Kwenye kona ya chumba cha nyuma, pale jiwe lilipokutana na ukuta wa tofali, palikuwa pa bibi. Palikuwa na kijungu cheusi, kibuyu kidogo, kigoda cha babu kilichopasuka mguu, na bangili mbili za shaba ndani ya kitambaa. Haya ndiyo masamva yetu, wazee wa ukoo waliotangulia, na kazi yangu kama mkubwa wa nyumba ilikuwa moja. Kabla hatujala, nilikata tonge la kwanza la ugali, nikalichovya kwenye mboga, nikaliweka kwenye kijungu, nikataja: “Bibi Limi, babu Malale, na wewe mfugaji tusiyelijua jina lako, kuleni, msitusahau.” Halafu ndipo tulikula. Juu ya kijungu hichohicho ilining'inia rozari ya mama. Tulibatizwa sote watatu, Krismasi na Pasaka tulikwenda misani, na sikumbuki mtu yeyote nyumbani kwetu akiona kwamba vitu hivyo viwili vinagombana. Rozari ilikuwa mgeni aliyekuja baadaye, akapewa msumari wake.

Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye paa. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa tatu anamwambia pole. Kwa hiyo, alasiri Mwalimu alipowafundisha historia vijana waliokuwa wanarudia mitihani, nami nilisoma, huku napaa samaki. Siku moja nikamsikia anauliza: “Warumi walikuwa na miungu mingi. Wa vita, wa mavuno, wa mlango, mpaka wa jiko. Waliiabudu kwa karne na karne. Kwa nini waliiacha?”

Kijana mmoja akajibu upesi, “Kwa sababu ilikuwa ya uongo, Mwalimu.”

“Hilo ni jibu la kanisani. Lipeleke kanisani watakupa peremende. Mimi nataka la darasani. Ya uongo imekaa miaka elfu, halafu siku moja ndiyo wanagundua?”

Wakacheka. Mimi niliacha kisu hewani. Nilisikiliza nikidhani ni habari za watu waliokufa zamani, ng'ambo.

Baada ya wiki chache Joyce akaugua. Alianza na homa, kukafuata kuhara na kukataa maji, mpaka macho yakaingia ndani. Dispensari walinipa dawa na kuniambia asiachwe peke yake, anyweshwe kijiko kwa kijiko mchana kutwa. Akae na nani? Nikiacha kukaanga hatuli. Nilimtumia baba mdogo Shija ujumbe kijijini kwa mtu wa basi, na jibu likaja kwa mtu huyohuyo: bibi amekasirika, mtoto avishwe bangili moja, na yeye atakuja baada ya mavuno na pombe ya mtama kuja kusema naye. Nilimvisha. Ilikuwa kubwa, ikawa inamtoka mkononi, nikaifunga kwa uzi.

Limi ndiye aliyewaita wanawake wa hema. Lile hema lilikuwa Igoma, kanisa jipya, na yeye alikuwa amekwenda mara mbili na mwenzake wa shule bila kuniambia. Walikuja wanne, asubuhi, na ndoo zao za maji vichwani. Aliyewaongoza ni Mama Mchungaji, mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini na mikono mikubwa. “Bwana asifiwe, mwanangu. Wewe nenda kwenye samaki wako. Huyu tuachie.” Hawakuuliza kabila wala dhehebu. Walimwosha Joyce, walifua nguo zake zilizochafuka ambazo hata mimi nilizishika nimegeuza uso, walipika uji, walimnywesha kwa kijiko, wakaimba kwa sauti ya chini. Walipokezana siku tisa. Siku ya saba Joyce aliomba michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia nimeegemea jiwe. Nikiulizwa leo nani alimponya, nitasema dawa ya dispensari na maji. Lakini maji hayakujinywesha.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo watu wa kwetu tu wangelifanya. Siku ya mwisho Mama Mchungaji alinipa kichupa cha mafuta ya kupaka mgonjwa, ya kuombewa. Nilikipokea kwa mikono miwili. Na kwa kuwa nilikuwa nimejaa shukrani mpaka kooni, nikatafuta mahali pa heshima kuliko pote katika nyumba yangu, nikakiweka pale: kwenye kigoda cha babu, kati ya kijungu na kibuyu. Jioni nilikata matonge mawili. Moja la bibi na wazee, na la pili nikaliweka mbele ya kile kichupa. Sikujua nimtaje nani, nikasema tu, “Na wewe uliyekuja na akina mama, karibu, kula.”

Limi aliniona. Aliinuka na sahani yake akaenda kukaa mlangoni.

Kesho yake Mama Mchungaji alipita kumjulia hali mtoto, akaingia chumba cha nyuma. Akasimama mbele ya kona. Tonge lilikuwa limekauka mbele ya kichupa, na sisimizi walikuwa wamelipata.

“Kabula,” akasema, na sauti yake ilishuka zaidi. “Hiki ni nini?”

“Nimemkaribisha, mama.”

“Umemkaribisha nani? Kwa nani?”

“Mungu wenu. Kwa wazee wetu. Ili wajuane.”

Nilisema vile nikitegemea atafurahi. Kwetu mgeni akija na mema hukalishwa na wakubwa wa nyumba. Mama Mchungaji alikichukua kile kichupa kana kwamba anakitoa motoni, akakifuta na khanga yake. “Mwanangu, Yeye hakai na wengine. Si kwamba anakuchukia. Ila hakai na wengine. Ama hawa, ama Yeye.” Akamtazama Joyce, na bangili ile iliyofungwa uzi, akatoka bila kuaga. Mimi nilibaki nimesimama. Nilikuwa nimetukanwa na mtu aliyefua uchafu wa mdogo wangu, na sikujua niuweke wapi moyo wangu.

Tangu siku ile Limi hakula tena chakula changu. Hakupiga kelele. Nikipakua, alisema, “Nimeshiba, dada.” Siku ya tatu nikamwuliza ameshiba nini.

“Chakula cha mizimu sili.”

“Ugali huu ni wa mizimu? Muhogo nimeusaga mimi. Samaki nimemkaanga mimi.”

“Ukishakata lile tonge, kinachobaki chote ni chao. Tumefundishwa.”

“Basi bibi uliyepewa jina lake ni shetani?”

Machozi yakamlenga, lakini hakurudi nyuma. Alikuwa mkaidi kama mimi. Alikula michembe mikavu aliyopewa na rafiki yake, akalala. Alikonda shingoni. Ukitaka kujua nyumba inavyoweza kuwa ngumu, kaa na mtu umpendaye ambaye hali chakula chako. Kila sufuria nililolitua mekoni lilikuwa swali. Joyce, mdogo, alikula huku akitutazama mmoja baada ya mwingine kama kuku aliye katikati ya barabara. Halafu Limi akaniambia habari kamili, akiwa amenipa mgongo, anakunja nguo: kanisa lilikuwa na nafasi ya sekondari kwa wasichana, na nyumba ya kuishi pale Igoma. Mama Mchungaji atampokea. Jumapili ijayo kuna kuchoma vitu vya mizimu mbele ya watu wote. Vyetu vikipelekwa, atabaki kwangu na atasomea kwangu. Visipopelekwa, Jumapili hiyohiyo anahama, na anataka ahame na Joyce.

“Joyce haendi popote,” nikasema.

“Basi peleka vile vitu, dada. Ni vyungu tu. Wewe mwenyewe si unasema ni vyungu, ukiulizwa na watu?”

Nilimwendea Mwalimu alasiri moja wanafunzi wake walipoondoka. Alikuwa anakula ndizi za kuchemsha moja kwa moja kutoka kwenye sufuria, kitabu kimefunguliwa juu ya goti. Nikamweleza yote, pamoja na lile tonge la pili. Aliacha kutafuna. “Ulimpa tonge?” Akavua miwani, akaifuta, akawa kama anataka kucheka na kama hataki. “Kabula, inasemekana kulikuwa na kaisari wa Roma aliyefanya kama wewe. Alikuwa na chumba chake cha sala, ameweka sanamu za wazee wake, za wenye hekima, na humohumo akamweka Yesu. Akadhani anamheshimu.”

“Ikawaje?”

“Hao wengine hawakulalamika. Ndiyo siri yenyewe. Wenye miungu mingi, ukiwaletea mmoja zaidi, wanasogea kwenye mkeka. Mwenye mmoja, ukimletea wa pili, anakunja mkeka. Kila anayevuka kwenda huko harudi, na kila anayebaki huku mlango wake uko wazi. Hesabu utakavyohesabu, mwisho wake utajulikana tu.” Aliendelea, kama alivyokuwa akiendelea akishapata msikilizaji. Alisema kwamba miji ile ilipata tauni, na waliokuwa na uwezo wakakimbia, lakini hawa wa Mungu mmoja walikaa wakanyweshana maji, na aliyepona alijua nani alimshika. Kwamba baadaye makaisari nao wakaingia, wakakataza sadaka za kale, wakafunga mahekalu. Kwamba hata kugombana juu ya chakula si kwetu tu, maana Wakristo wa mwanzo, katika miji ya Wagiriki, waligombana juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu: iliwe au isiliwe. “Wasomi wanabishana mpaka leo kipi kilitangulia. Maji, au kaisari, au ule mlango wa upande mmoja.”

“Hao Warumi walikuwa na wadogo zao?”

“Wadogo zao?”

“Walioanza kukataa kula nyumbani.”

Alikifunga kitabu gotini. “Hilo halimo kitabuni,” akasema.

“Basi waliokiandika hawakupika.”

Nilikuwa na tumaini moja lililobaki, nalo ni baba mdogo Shija. Niliwaza hivi: vitu vya wazee ni vya ukoo, si vyangu. Nitamkabidhi avirudishe kijijini kwenye kijumba cha masamva, kwa heshima, bila moto na bila spika. Limi atakula, bibi naye atakula. Nilimtumia ujumbe aje kabla ya Jumapili, nikajiandaa kwa ugomvi, maana alishawahi kuniambia kwamba nikishindwa kuwatunza wazee atatugawa kwa ndugu, kila mmoja kwake.

Alifika Ijumaa mchana, amebeba kuku na mfuko wa karanga. Hakuwa na pombe ya mtama. Nikampigia goti, “Shikamoo baba mdogo.” “Marahaba, mwanangu.” Alikaa kwenye kiti, si kwenye mkeka karibu na kona kama alivyozoea. Nikamweleza. Nilimaliza kwa kusema, “Kwa hiyo, baba, nakuomba uende navyo.”

Alimenya karanga nyingi kabla ya kujibu. “Niende navyo wapi?”

“Kwenye kijumba.”

“Kijumba hakipo. Mama yenu mdogo ameokoka tangu mwezi wa tano. Watoto wote wamemfuata. Walikuja na nyimbo wakakibomoa, mimi nikiwa mnadani na ng'ombe. Nimerudi nakuta wamepanda mchicha.” Akacheka kicheko kisichofika popote. “Nilipika pombe mwenyewe, nikanywa mwenyewe. Mzimu haukai na mtu mmoja, Kabula. Unataka nyumba.”

“Mbona uliniambia bibi amekasirika?”

“Nilidhani kwako bado kupo.”

Nimeishi na maneno hayo kuliko mahubiri yote niliyowahi kuyasikia. Yule mtu niliyemwogopa, aliyekuwa na uwezo wa kututawanya, alikuwa amekuja kwangu kutafuta mahali pa kukaa na wazee wake. Alikula, nikakata tonge la kwanza mbele yake, akataja majina pamoja nami, na yeye aliyataja matatu zaidi ambayo sikuwa nayajua. Hakuyarudia, na niliona aibu kumwomba ayarudie. Akaondoka na basi la jioni. Sikupata kuyajua majina yale tena.

Jumamosi asubuhi sikwenda kwenye samaki. Nilikwishaamua mambo mawili, na niliyaamua nikiwa na akili zangu, bila kuombewa na bila kukemewa. Kwanza, wadogo zangu hawataishi nyumba mbili. Pili, hakuna mtu atakayemchoma bibi yangu mbele ya umati kwa nyimbo na makofi. Aliye wangu nitamsindikiza mwenyewe. Niliwaita Limi na Joyce uani, jua likiwa limeshapanda. Nikavitoa vitu kimoja kimoja. Bangili, pamoja na ile niliyoikata uzi mkononi mwa Joyce, nilimpa yeye ashike, kisha nikazichukua tena, nikazitia mfukoni, na baadaye niliziuza kwa fundi wa shaba, jambo ambalo sikumwambia mtu mpaka leo ninapoliandika. Kigoda nilikipasua kwa shoka, kikawa kuni. Kibuyu kilivunjika kwa kukanyagwa tu. Kijungu nilikipandisha juu ya jiwe kubwa la nyuma, nikanyunyiza maji na unga wa mtama, nikawataja niliowajua, nikasema, “Nyumba imekuwa ndogo. Mnisamehe mimi, msiwasumbue hawa.” Nikakiachia. Hakikutoa sauti kubwa. Kilikuwa cha zamani, kimeiva sana, kilisambaa vipande vyembamba kama maganda ya yai.

Limi alikuwa amesimama mlangoni. Nilitegemea aimbe, au ashukuru kama walivyofundishwa. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili na midomo imemkauka. Sikumtazama zaidi. Niliingia jikoni nikatwaa zile kuni za kigoda, nikawasha moto, nikasonga ugali. Nilikaanga panki moja kubwa, nikapika na mlenda. Nikatandika mkeka, nikapakua. Mkono wangu, kwa mazoea, ulikata tonge, ukalichovya, ukabaki nalo hewani hauna pa kuliweka. Nikalila mwenyewe. Lilikuwa la kwanza maishani mwangu, na halikuwa na ladha tofauti.

Limi akaja akakaa. Hakuwa amekaa kwenye mkeka ule siku kumi na moja. Alivuta sahani karibu yake, akaitazama, akaisukuma kidogo, akageuka kutazama kona ya chumba cha nyuma ambako kulikuwa kumebaki duara jeusi sakafuni na rozari ya mama juu yake.

“Dada,” akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kusikika na wale wa Igoma, “sasa bibi atakuwa anakula wapi?”

Nikamwambia anawe mikono, ugali unapoa.